Kapita, Katalogi na Beseni la Mama Echa

Mfuko wa vifaa nimeuacha kwenye rafu ya chini, karibu na betri, pale pale nilipoukuta siku yangu ya kwanza. Mwenye kuufungua atakuta karatasi hizi juu ya tester ya umeme. Ni zenu ninyi mliobaki kwenye chumba cha mashine cha mji wetu wa Baraka: Espérance, ambaye sasa ndiye mkubwa, na wengine watakaokuja baada yake na kufikiri kwamba mambo yalikuwa hivi tangu mwanzo. Hayakuwa hivi. Yamekuwa hivi kwa sababu nilikuwepo mimi.

Msikasirike mapema, nitawataja na wengine. Naanza na mimi kwa kuwa ndiye ninayemfahamu zaidi.

Shule niliiachia mwaka wa tano. Vita ilikuja, tukavuka ziwa, na upande wa pili, kambini Tanzania, hakuna aliyeniuliza diplome. Waliniuliza kama naweza kufanya redio iseme. Niliweza. Redio zilikuwa zinaletwa zimekufa kabisa, nami ninaziamsha kwa bisibisi niliyoitengeneza kwa njiti ya gurudumu la baiskeli. Bisibisi hiyo imo ndani ya mfuko, na inashinda zile zenye mpini mwekundu mnazozipenda. Huko kambini ndiko Kiswahili changu kilipata adabu kidogo. Mkiona ninaandika sawasawa halafu ghafla ninaandika kama muntu wa soko ya Baraka, mjue kwamba Tanzania na nyumbani vinagombana ndani ya kichwa changu, na hakuna anayekubali kushindwa.

Tuliporudi nikaweka meza sokoni, nikawa ninachaji simu kwa pano la jua. Kisha kikaanzishwa kituo. Vituo vya afya, redio ya hapa, shule na vyama vya wavuvi walikuwa kila mmoja na kompyuta yake inayokufa peke yake kwenye kona ya ofisi. Wakakubaliana waweke mashine pamoja, nyumba moja, moto mmoja wa umeme, mlinzi mmoja. Mlinzi alikuwa mimi. Yaani, niliajiriwa kulinda groupe, ile jenereta ya nyuma ya nyumba, si kugusa kitu.

Siku ya kwanza niliingia chumbani kuuliza kama moto unatosha. Injenia alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, skrini mkononi. Aliitwa Sebagabo, mtu wa kule milima ya juu, watu wa ng'ombe, mrefu mpaka alikuwa anainama mlangoni kila siku na kila siku anajigonga. Nikasimama nikasikiliza. Mashine zote zilikuwa zinaunguruma, lakini moja ilikuwa na jambo.

"Chef, ile ya tatu iko na kikohozi," nikamwambia.

Akainua kichwa. Akaweka sikio. Akafungua kifuniko, tukakuta feni imeanza kula shimo lake.

"Wilondja, we unasikiliza mashine kama sisi tunasikiliza ng'ombe."

"Chef, ng'ombe siijue. Mi najua mota ya boti."

"Basi leta masikio yako kila asubui, akili nitakuazima."

"Akili niko nayo. Niazime password."

Alicheka mpaka akajigonga tena. Password hakunipa siku hiyo, mtu mwenye busara yule, lakini kuanzia hapo kila asubuhi alinifundisha kitu kimoja kabla ya chai. Sijawahi kumlipa. Nimewahi kumpa samaki tu, naye akawa anawaonea haya, maana kwao hawakuzoea kula kitu kinachokutazama. Kama kuna jambo moja mtakalolipata zuri katika karatasi hizi, limetoka kwake. Yaliyobaki ni yangu.

Sasa kazi yenyewe. Najua mnaijua, lakini mnaijua kwa maneno makubwa, na neno kubwa halishiki mtu anapochoka.

Programu zamani ilikuwa inawekwa juu ya mashine kama mgeni anayefika mikono mitupu: anataka sahani yako, blanketi yako, chumvi yako, na akigombana na mgeni mwingine nyumba yote inaharibika. Kisha wakaja wenye akili wakaifunga programu ndani ya kasha pamoja na vyote inavyohitaji. Kasha ni kama yule mama anayekwenda matanga na mkeka wake, sufuria yake na makaa yake mwenyewe. Unamwonyesha mahali pa kukaa, basi. Hasumbui mtu.

Lakini makasha yakiwa mengi na mashine ni kadhaa, nani atayapanga? Hapo ndipo linapoingia lile jukwaa letu. Jina lake la vitabuni liko kwenye skrini, sitaliandika hapa, maana tangu siku ya kwanza mimi nililiita Kapita, na ninyi wote mmeliita hivyo baada yangu. Kwenye kazi ya barabara kapita hachimbi. Anasimama, anatazama nani ana nguvu na nani amechoka, anasema we shika koleo, we sukuma toroli, na mtu akianguka anaita mwingine ashike nafasi yake. Jukwaa letu ni hivyo. Unamwambia unataka kitu gani kisimame. Hapo anatafuta mashine yenye nafasi na kukisimamisha. Mashine ikifa, anakisimamisha kwingine. Na kama kapita wote, ukimpa agizo baya atalifuata mpaka mwisho bila aibu.

Kapita anakuja na katalogi yake ya nyumbani, orodha ya programu alizopewa na waliomtengeneza. Ni nzuri lakini fupi. Ni kama duka la misheni: sabuni iko, chumvi iko, na ukitaka kingine unaambiwa Mungu akubariki. Sebagabo ndiye aliyenionyesha kwamba kuna katalogi zingine, za jamii. Watu wasiojuana, kila mmoja na nchi yake, wanafunga programu kwenye makasha, wanaandika maagizo ya kuyasimamisha, wanaweka kwenye anwani na kusema: chukua.

"Nani anawalipa?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Basi ni salongo."

Akafikiri. "Njo salongo," akakubali. "Ya dunia mzima."

Nilifurahi, kwa sababu salongo naijua. Jumamosi mnakutana na majembe, mnafagia mtaro, mnaziba barabara, hakuna anayeandika jina. Na kwa kuwa naijua, nilijua pia kasoro zake. Wa kwanza analima vizuri, wa pili anaegemea jembe, wa tatu anaondoka katikati ya kazi kwenda kuona mjomba. Ndiyo maana kanuni zangu za kuongeza katalogi ya jamii ziko ukutani mpaka leo, na hazijampotosha mtu.

Kwenye skrini ya Kapita, pale pa katalogi, andika jina fupi, herufi ndogo, bila nafasi katikati. Halafu anwani. Halafu subiri, na kwa rezo yetu, huu mtandao wa satelite, kusubiri maana yake nenda ukanywe chai. Kapita anakwenda kwenye ile anwani, anasoma orodha, anarudi na kukuonyesha vilivyomo. Usibonyeze kitu bado. Tazama kwanza nani anaitunza na mara ya mwisho aliigusa lini. Namba ya toleo iandike wewe mwenyewe, usimwambie Kapita alete "lililo jipya", maana jipya la leo si jipya la kesho, na siku moja utaamka ukute kasha lingine limekaa kwenye kiti. Lisimamishe kwanza kwenye chumba cha majaribio. Na usiongeze katalogi kumi kwa tamaa. Alipita hapa fundi mmoja mgeni, kijana wa shati zuri, akaongeza kila katalogi aliyowahi kuisikia. Kila moja ikawa inajisasisha kila saa, rezo ikajaa, redio ikashindwa kupokea hata habari za mpira. Watu walikuja mlangoni na hasira ya mechi. Niliwatuliza mimi.

Katika katalogi ya jamii ndimo tulimopata Njiani.

Mama Nyassa, mkunga wa Nundu, alikuja kituoni asubuhi moja na vumbi la pikipiki mpaka kwenye nyusi. Hakukaa.

"Papa Wilo, nisikilize. Mi niko na bamama benye banashuka toka mulima. Banabebwa ku kipoyi, kituo moja mpaka ingine. Kituo ya kwanza haijuwe kama kituo ya pili iko na babebaji. Ya pili haijuwe kama pikipiki iko na mafuta chini ku barabara. Mama analala pale, anangojea, na mutoto haangojei. Mashine zenu zinajua kuhesabia samaki. Zinaweza kujua mama iko wapi?"

Katalogi ya nyumbani haikuwa na kitu hicho. Sebagabo alitafuta, nami nikatafuta juu ya bega lake, na katika katalogi ndogo ya jamii tukakuta programu iliyotengenezwa kwa ajili ya visiwa vya nchi fulani ya baridi, kuongoza wagonjwa kutoka kisiwa mpaka kisiwa. Mwenye katalogi alikuwa mtu mmoja, jina lake herufi tatu tu. Tukaiongeza. Tukabadilisha visiwa kuwa vituo na boti kuwa vipoyi, vile vitanda vya miti vinavyobebwa mabegani. Kila kituo kinatuma ujumbe mfupi wa simu: mama ametoka, wabebaji wako tayari, pikipiki ina mafuta au haina. Mama Nyassa ndiye aliyeipa jina Njiani. Siku aliyoiona ikifanya kazi aliinamia skrini, akasema tu, "Namuona." Alikuwa anamwona mama fulani ametoka kituo cha juu. Nimesifiwa sana katika maisha yangu, mara nyingi kwa haki, lakini sijasifiwa kama siku hiyo, na hata hakunitaja.

Baadaye Sebagabo alihamia Bukavu. Password zote aliniachia mimi. Tukapata mashine mpya kidogo, na ile ya tatu, ile ya kikohozi, tukawaazima chama cha bamama wauza samaki wa Kazimia, kule chini kwenye bandari. Nilimweka Kapita mdogo ndani yake, asimame peke yake bila sisi. Nikamfundisha Alimasi, katibu wao, kila kitu: kuwasha, kuzima, kuandika samaki, na namna ya kufuta mashine mpaka isikumbuke hata jina lake. Nilimfundisha vizuri sana. Mtaona kwa nini jambo hilo lilikuja kunitisha.

Espérance alikuwa ameshaingia kazini wakati huo. Alisoma chuo, anaandika maagizo ya Kapita haraka kuliko mimi ninavyofungua kifuniko. Tulikuwa tunachokozana kila siku. Yeye aliniita "makumbusho", mimi nikamwita "mademoiselle wa skrini".

Msimu wa mvua radi ilipiga karibu na kituo, na mashine moja ikafa. Si jambo. Kapita akafanya kazi yake: akaona Njiani imeanguka, akachagua mashine nyingine, akatuma kuleta kasha kutoka anwani ya katalogi ili alisimamishe upya. Akarudi mikono mitupu. Akatuma tena. Skrini ikawa nyekundu.

"Papa Wilo," Espérance akasema, "anwani haiko tena."

"Haiko namna gani?"

"Haiko. Katalogi yote. Ule muntu wa herufi tatu ameenda na vyote."

Yule wa salongo, aliyekwenda kuona mjomba. Data zetu zilikuwepo, Espérance hunakili kila siku. Kilichopotea ni kasha lenyewe. Maji tulikuwa nayo, ndoo hatukuwa nayo.

Simu ikalia. Mama Nyassa.

"Papa Wilo, Njiani imelala."

"Tunajua, Mama."

"Muiamshe. Niko na Nyamahoro juu. Mapasa, batoto babili mu tumbo, na uzazi wa kwanza alipoteza damu mingi. Ametoka ku kwabo asubui hii. Nangojea kuona kituo ya kwanza, sioni kintu. Nimepiga simu, rezo haishike sauti kule, ujumbe tu njo unapita."

Nyamahoro alikuwa mke wa mfugaji wa kule juu. Njia yake ilikuwa ya siku kadhaa kwa kipoyi, kituo hadi kituo, na kila kituo kilipaswa kujua kabla hajafika. Bila Njiani, angefika kwenye vibanda visivyo na wabebaji, na barabarani pasiwe na pikipiki. Ndiyo iliyokuwa hesabu yote. Hakukuwa na kingine cha kufikiri.

Espérance akasema tunaweza kutafuta programu nyingine na kuanza upya, vituo vyote vifundishwe upya. "Hiyo ni kazi ya wiki, Papa." Nikamjibu kwamba mapasa hawajui wiki. Nikatoka nje nikasimama karibu na groupe, maana mimi hufikiri vizuri palipo na kelele. Na hapo nikaisikia kichwani: kikohozi.

Kabla ya kwenda Kazimia, ile mashine ya tatu ndiyo iliyokuwa inabeba Njiani. Na Kapita hatupi kasha mara moja. Akishalitumia analiacha kwenye ghala ya ndani ya mashine, pengine litahitajika tena. Nafasi ikianza kubana ndipo anafagia, akianza na lile lisilotumika muda mrefu. Kama Kapita mdogo wa Kazimia hajafagia, ndoo yetu ilikuwa kule, chini ya hesabu za samaki.

Nikampigia Mama Echa, mkubwa wa bamama wa Kazimia. Kule simu inashika ukisimama mahali pamoja tu, karibu na mizani, na kwa bahati alikuwa amesimama hapo.

"Mama Echa, ni Papa Wilo wa Baraka. Ile mashine yenye tuliwaazima, ingali inatembea?"

"Inatembea. Inakohoa tu. Kuko nini?"

"Niko nakuja kuichukua. Tuko na haja nayo."

Akajibu kwa heshima yote: "Ni yenu. Hatuna neno. Unakuja lini?"

"Leo leo."

"Basi nitaambia Alimasi aisafishe. Aioshe inje na ndani. Hatuwezi kurudisha kintu ya batu na buchafu yetu mu tumbo."

"Mama, hapana! Mama, ndani musi—"

Rezo ikakata. Nikapiga tena, na tena. Hakuna.

Espérance alikuwa amesimama mlangoni. "Amesema ndani?"

"Amesema ndani."

"Na Alimasi anajua kufuta?"

"Nilimufundisha mimi."

"Basi anajua," akasema, na kwa mara ya kwanza hakunichokoza.

Kwetu hili halina mjadala. Ukiazima beseni la jirani, hulirudishi na magamba ya samaki. Unalisugua kwa mchanga mpaka aone uso wake. Mama Echa alikuwa ananifanyia heshima kubwa kabisa, na heshima hiyo ndiyo ingemwacha Nyamahoro mlimani.

Nikachukua pikipiki. Dereva alinitazama nilivyo mzito na diski kifuani. "Papa, unataka tufike ao tukimbie?" Nikamwambia tufike tukikimbia. Njia ya Kazimia wakati wa mvua mnaijua. Mahali pengine tulibeba pikipiki, mahali pengine pikipiki ilitubeba. Kila palipokuwa na kilima nikainua simu juu kama mtu anayetafuta baraka, na kila mara hakuna kitu.

Tulipofika jua lilikuwa bado kali. Bamama walikuwa wanageuza ndakala, dagaa wetu, kwenye mikeka. Ndani ya kibanda cha chama, juu ya meza, mashine ilikuwa imekaa juu ya kitenge kipya. Imezimwa. Inang'aa. Walikuwa wameisugua mpaka matundu ya feni, kwa mswaki. Kando yake beseni limejaa ndakala wakavu, limefunikwa kwa kitambaa.

"Karibu, Papa," akasema Alimasi, amejaa furaha ya mtu aliyemaliza kazi. "Tumemaliza."

"Umefuta nini?"

"Yote, Papa. Vile ulinifundisha."

Nikatafuta kiti, hakukuwa na kiti, nikakaa juu ya mizani ya samaki. Mshale ukazunguka, na bamama wakapiga kelele nje.

"Papa Wilo anajipima!"

"Kilo ngapi? Tumuuzie nani?"

"Muache, mafuta mingi, hatakauka!"

Mama Echa akawanyamazisha kwa mkono. Ni mama mfupi, sauti ya chini, na sijaona mtu aliyemjibu mara mbili. Akanitazama usoni.

"Papa, unaumwa?"

"Mama, yote ya nani amefuta?"

"Yetu," akasema, akishangaa swali. "Majina ya bavuvi, kilo, bei. Alimasi ameweka ku flashi, iko hapa." Akagusa pembe ya kitenge chake, palipokuwa na fundo. "Yenu hatukugusa. Muntu akikuazima sufuria na kifuniko, unatupa kifuniko sababu hukukitumia? Balikulea wapi, Papa Wilo?"

Niliwasha. Feni ikazunguka, na kwa mara ya kwanza tangu niijue, haikukohoa. Nikamwuliza Kapita mdogo ghala yake ina nini. Akanionyesha orodha fupi, na ndani yake, jina na namba ya toleo kama nilivyoiandika mimi mwenyewe zamani, lilikuwepo kasha la Njiani.

Alimasi alikuwa anaangalia juu ya bega langu, kama nilivyokuwa nikiangalia juu ya la Sebagabo. "Papa, hata mi nilikuwa nataka kukuita. Tangu juzi ilikuwa inaonyesha manjano. Inasema nafasi inabana."

Nikageuka. Manjano maana yake Kapita alikuwa ameshashika ufagio. Samaki wa Kazimia walikuwa wamejaa mpaka juu, na cha kwanza kufagiwa kingekuwa kile kisichotumika, cha kwetu. Kuosha kule nilikokuogopa njia nzima ndiko kulikompa nafasi akaweka ufagio chini. Nilimweleza Mama Echa. Alinisikiliza kama mtu anayeelezwa kwamba maji yanalowesha.

"Njo maana banaosha," akasema.

Nilinakili kasha kwenye diski, nikalijaribu, nikalinakili tena. Kisha nikasema mashine ibaki kwao, sikuhitaji tena chuma, nilihitaji kilichomo. Alimasi akaanza kurudisha samaki wake kutoka kwenye flashi. Lakini Mama Echa hakuniachia hivyo.

"Tumetia kintu mule. Hatuwezi kurudisha mutupu. Alimasi, muonyeshe."

Ilikuwa sauti. Bamama walikuwa wamesimama kuzunguka simu na kusema pamoja, wengine wakichelewa, mmoja akicheka: "Mashine ya Baraka, aksanti kwa kazi. Na benye batakutumia kiisha sisi, tunabasalimia. Bakae salama."

Nikainakili nayo. Nilirudi na diski kifuani na beseni la ndakala mapajani, dereva akilalamika harufu.

Espérance ndiye aliyelisimamisha kasha, vidole vyake vina macho kuliko vyangu. Skrini ikatoka nyekundu ikawa kijani, data zikaingia, na vituo vikaanza kuita kimoja kimoja. Tukamwona Nyamahoro. Alikuwa kituo cha pili, amekaa, anangoja wabebaji ambao hawakujua. Sasa walijua. Pikipiki ilimkuta barabarani na mafuta yake. Mama Nyassa alipiga simu mwenyewe kutoka maternite: mapasa wawili wasichana, mama anakula uji. Kisha akaniambia niiweke ile sauti ya bamama wa Kazimia, nilikuwa nimemwambia habari yake. Nikaiweka karibu na simu. Nilisikia chumba chote cha wazazi kinacheka.

Beseni la Mama Echa nililirudisha limesuguliwa, na mchele ndani.

Baada ya hapo tukabadilisha kazi. Kila kasha tunalolichukua kwenye katalogi ya jamii, kwanza linaingia kwenye ghala yetu wenyewe, ndipo Kapita analiona. Na tukafungua katalogi yetu, wazi kwa kila mtu, tukaiita beseni. Mimi ndiye niliyechagua jina. Espérance alitaka jina la Kifaransa la maneno matatu.

Siku moja ukaja ujumbe. Yule mwenye herufi tatu. Alikuwa ameugua muda mrefu, mashine yake ikazimwa, kazi yake yote ikapotea, na mtu fulani akamwambia kwamba programu yake inaishi kwenye katalogi inayoitwa beseni. Aliuliza, kwa adabu, kama anaweza kuichukua. Kitu chake mwenyewe! Nilimsamehe ya mjomba saa hiyo hiyo.

"Tumtumie vile iko?" Espérance akauliza.

"Iko safi?"

"Iko safi."

"Na ndani?"

Akanielewa. Tukamtumia ikiwa na skrini zote kwa Kiswahili, pamoja na lile rekebisho la Espérance linaloifanya isianguke rezo inapokatika, na ile sauti ya bamama. Yule mtu aliandika kushukuru, akauliza wale wanawake wanasema nini. Espérance akamtafsiria. Kesho yake aliandika kwamba ameisikiliza na mama yake, na kwamba visiwa vile vinaitumia tena, pamoja na rekebisho la Baraka.

Sasa naondoka. Maagizo ya Kapita yanataka nafasi zilizopangwa sawasawa mwanzoni mwa kila mstari, na macho yangu siku hizi yanaona nafasi mbili palipo na moja. Kapita hasamehe hilo, na Espérance alinisamehe mara nyingi kuliko alivyokuwa analazimika. Aksanti kwake. Aksanti kwa Sebagabo, kwa password na kwa kila asubuhi. Aksanti kwa Mama Nyassa aliyetuambia mashine ni ya nini. Na kwa Alimasi, aliyefuta vizuri kama nilivyomfundisha, akaacha kile ambacho mimi sikumfundisha kuacha.

Mfuko ni wa kituo, mimi niliazima tu. Nimeufua mwenyewe, mke wangu ni shahidi. Tester nimeibadilishia betri. Bisibisi ya njiti msimpe mtu. Na hizi karatasi nimezitia ndani kama ule mchele, kwa sababu mnayoijua.